Ulfat Agoma Kutoa Ulimi

Kila asubuhi, katika fleti yao ya Michenzani, Bi Maryam alimfunga mwanawe Ulfat ushungi wa skuli. Alitia pini chini ya kidevu huku akimsimanga kwa uvivu wa kupiga pasi, na Ulfat alicheka. Lakini siku hizi Ulfat alijifunga mwenyewe, tena mlango wa chumba kaufunga kwa ndani.

"Kumbe nna mtu mzima humu ndani," mama alimtania. Ulfat hakucheka.

Alikuwa na uvimbe katikati ya shingo, chini ya kidevu. Mwanzo ulikuwa mdogo kama punje ya njugu. Alipougua mafua ukawa kama zambarau. Haukumuuma, na hilo ndilo lililomtisha, kwa sababu shangazi yake Kazija, wa Kizimkazi, naye alikuwa akisema uvimbe wake wa shingoni haumuumi. Shangazi alikwisha kuzikwa. Alikufa kwa maradhi gani, hakuna aliyemwambia Ulfat. Watu wazima walisema "maradhi yale" tu kwa sauti ya chini, kisha watoto wakaambiwa wakacheze nje. Basi mtoto akaamua mwenyewe kwamba ukitokwa na uvimbe shingoni, umekwisha.

Masikini, alijiandaa kufa peke yake. Alilia bafuni, bomba la maji likiwa wazi asisikike. Siku moja akampa rafiki yake Salhiya viatu vyake vipya vya Sikukuu. "Vichukue," alisema. "Mimi sitavivaa."

Salhiya alipenda viatu, lakini mjinga hakuwa. Alasiri ile ile alipiga hodi kwa Bi Maryam, viatu mkononi.

"Shikamoo, Bi Maryam. Ulfat kanipa hivi, kasema yeye hatavivaa. Na analia kila siku. Mie naogopa."

Bi Maryam alimwita mwanawe.

"Naam, mama."

"Vua huo ushungi."

Alipouona uvimbe, Bi Maryam alikaa sakafuni pale pale. Kazija alikuwa wifi yake, na Bi Maryam ndiye aliyemwosha alipokufa. 

"Mama, nnakufa?"

Mama aliokota ushungi, akaufunika uvimbe.

Kesho yake walikwenda hospitali. Daktari Nasima, mwanamke wa makamo, aliupapasa uvimbe taratibu. "Sasa nitolee ulimi," alisema.

Ulfat aliubana mdomo. Daktari akarudia. Ulfat akatikisa kichwa, machozi yakimlengalenga.

"Hawezi kufungua mdomo? Tangu lini?" Sauti ya daktari ilibadilika. "Chakula anameza?"

Bi Maryam akaanza kulia kwa kwikwi, yeye ambaye hata msibani alijikaza. "Ndivyo alivyoanza wifi yangu," alisema. "Yarabi, mwanangu."

Ulfat hakustahimili kumwona mama yake hivyo. "Naweza kufungua," alisema. "Ila nilipomtolea ulimi bibi, mama alinipiga kofi. Alisema kumtolea ulimi mtu mzima ni kukosa adabu."

Daktari alimtazama mama. Bi Maryam alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Mtolee, mwanangu. Leo nakuruhusu."

Ulfat akautoa wote. Uvimbe ukapanda juu. Ulimi uliporudi, nao ukashuka.

"Uvimbe wa mtoto unaofuata ulimi hivi, mara nyingi ni kifuko cha maji tu," daktari alieleza. "Mtu huzaliwa nacho, kikavimba akipata mafua. Lakini saratani nyingine nazo huwa na maji ndani, na kwa nje zinafanana. Kwa macho na vidole siwezi kuapa."

Akampima kwa mashine ile wanayopimwa wajawazito, kisha akavuta maji kwa sindano nyembamba yakachunguzwe maabara. Kungoja majibu kulikuwa adhabu. Mama hali, mtoto halali, na viatu vya Sikukuu vilikaa mlangoni bila mtu kuvigusa.

Siku ya majibu, daktari hakuzungusha maneno. "Si saratani. Ni kifuko. Tutakitoa kwa operesheni kisije kikatunga usaha."

Bi Maryam alimkumbatia mwanawe, akamkalisha kwenye benchi la nje.

"Shangazi yako alikufa kwa saratani," alisema. Neno lilimtoka kwa shida, maana nyumbani hakuwahi kulitamka. "Uvimbe wake ulikuwa mgumu, upande wa shingo. Aliufunika kwa mtandio mpaka dawa zikawa hazimfai tena. Mficha maradhi, mauti humuumbua. Na sisi tulikuficheni hata jina la ugonjwa, ndiyo maana ukaogopa peke yako. Ukiona uvimbe usijihukumu, na usiufiche. Sema, upimwe."

"Na wewe utasema, mama?"

"Nitasema."

Asubuhi iliyofuata Ulfat alimpelekea mama ushungi na pini amfunge. Bi Maryam aliupapasa uvimbe kwanza.

"Toa ulimi," alisema, "nione."