MPIRA WA TATU HAUKUWA WANGU

Bwanaheri alinikaribia na mpira wa mwisho. Nikanyoosha mkono kuupokea...

Akanipita!

Ndugu wasomaji, alinipita kama hanijui, akamwekea Fuad ule mpira kiganjani. Mkono wangu bado uko hewani!

Ngoja niwaeleze, maana wengi wenu besiboli mnaiona kwa simu tu. Pitcha ndiye anayerusha mpira, kecha ndiye anayechuchumaa kuudaka. Pitcha akianza mechi moja, mkono wake unapumzishwa siku kadhaa. Kwa hivyo kila msimu timu yetu ya Voi inachagua watatu wa kupokezana.

Na kwetu kocha hachagui. Anayechagua ni kecha, kwa sababu mipira ya kila mtu inaishia mkononi mwake. Anapita mbele ya timu na mipira mitatu, na ukishapewa hunyang'anywi mpaka msimu uishe.

Kecha wetu ni Bwanaheri wa Kaloleni. Rafiki yangu wa damu! Idi nakula kwao, Krismasi anakula kwetu Makwasinyi.

Na msimu huu haukuwa wa kubahatisha. Kocha wa timu kubwa ya Nairobi alikuwa anakuja kuchukua pitcha mmoja. Angewatazama hao watatu tu.

"Bwana, umekosea mtu," nikamwambia.

"Sijakosea, Vinnie."

"Nicholas sawa. Alexander sawa. Lakini Fuad?! Fuad ananishinda mimi?!"

"Mipira yako siku hizi inafia njiani."

"Huo ni uchovu tu!"

Akaangalia chini. "Linda mkono wako, ndugu yangu."

Jamani! Mtu anakukata, halafu anakuonea huruma mbele za watu? Damu ilinichemka.

"Msaliti wewe! Fuad ni binamu yako, ndiyo maana! Kwetu usikanyage tena!"

Nilitegemea anirudishie matusi. Akainama kuokota glavu yake.

"Kocha Dinah, si useme kitu!"

"Vincent, desturi ya timu unaijua. Mpira umeshapokewa."

Nikazima simu nikaenda kwetu Makwasinyi.

Nilimkuta mama shambani. Tangu ndugu yangu Donald aende Nairobi na kusahau kurudi, mlinzi wa shamba ni mimi. Ndengu zilipoanza kukomaa, kila siku yangu ya kupumzisha mkono mama alikuwa anapiga simu: "Vincent, nyani!" Nami naenda, narusha mawe mpaka jua linazama. Sasa mnajua uchovu ulitoka wapi.

Hata siku hiyo nilirusha. Kila nyani nilimwona ana sura ya Bwanaheri!

Baadaye mama akaniletea sahani ya kimanga, mihogo na maharagwe ya kuponda.

"Kula, mwanangu. Usiumie moyo. Hata huyo Fuad anarusha vizuri."

Nikalishusha tonge...

"Mama."

"Mm?"

"Nani amekwambia ni Fuad?"

Akanisogezea sahani.

"Simu yangu imezimwa tangu uwanjani. Sijakwambia kitu. Nani amekwambia?!"

Mama akaanza kuifunga leso yake upya, na wala haikuwa imefunguka.

"Bwanaheri alinipigia. Aliuliza kama umefika."

"Na kwa nini akupigie wewe?"

"Kwa sababu... mimi ndiye niliyemwomba asikuchague."

Wasomaji, nikaisukuma sahani pembeni.

"Nilimwambia kwamba daktari ameona bega lako limeharibika. Kwamba ukirusha msimu mzima, mkono utapooza. Nikamwapisha asikwambie, nikasema nitakwambia mwenyewe."

"Daktari gani, mama? Mimi sijaenda kwa daktari!"

"Najua."

Najua! Alisema hivyo tu!

"Donald aliniambia anarudi," akasema. "Na wewe ukichukuliwa, mimi nitabaki na nani hapa? Na nyani?"

Nililia, sifichi. Niliyemwita msaliti alikuwa anaulinda mkono wangu. Aliyenisaliti ndiye aliyenipakulia chakula.

Kesho yake nilikuwa mlangoni kwa Bwanaheri, Kaloleni. Nikamweleza yote. Akakaa chini pale pale kwenye ngazi.

"Wallahi, Vinnie, mimi nilijua naokoa mkono wako."

"Si ungeniuliza tu?"

"Mamako ni mamangu. Ameniapisha, nivunje vipi? Na wewe mbona hukuniuliza? Ulinitukana mbele ya watu."

Nikamwomba msamaha, akanisamehe. Lakini mpira haukurudi. Desturi ni desturi.

Yule kocha wa Nairobi alikuja, akaondoka na Alexander. Mimi nilikuwa benchi nikipiga makofi, na roho inaniuma vibaya sana.

Wapendwa, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kabla hujamwaibisha rafiki hadharani, jiulize kwanza ni nani anafaidika ukibaki pale ulipo. Wakati mwingine ni mtu anayekupenda kabisa, lakini anakupenda ukiwa karibu naye tu. Huo usaliti unauma kuliko wa adui, maana hata kumchukia huwezi.

Jana simu ililia tena.

"Vincent, nyani!"

Nilienda. Mama ni mama.

Lakini mawe yote niliyarusha kwa mkono wa kushoto; wa kulia ni wa mpira. Mama aliona... na hakuuliza.