Dakika Kumi Alizonyimwa Mzee Dozi

Ndugu zangu, mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kinatazamana na duka la dawa, mlango kwa mlango. Kwa miaka ishirini na mitatu nilimwona mwenye duka akifungua makufuli yake mawili asubuhi, akifagia kizingiti, kisha akivaa koti jeupe lililonyooshwa kwa pasi. Tulimwita Mzee Dozi, maana hakuna aliyetoka kwake bila kuambiwa, "Maliza dozi, usiache ukiona nafuu." Alijua kidonge gani kinamwasha nani, na tumbo la nani halipatani na dawa ipi. Mtaa mzima ulimwamini.

Siku moja asubuhi aliniletea viatu vyake vyeusi nivitie soli. Saa sita mchana akavuka barabara, akaniuliza kama nimeviona viatu vyake vyeusi, kwa kuwa vimeibwa. Vilikuwa mapajani mwangu.

Nikamtania, "Mzee, naona dozi yako ya kumbukumbu hukuimaliza."

Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Naye akacheka, ila alichelewa kidogo, kama mtu anayengoja kuona wenzake wanacheka nini. Nililiona jambo hilo, nikaendelea kugonga misumari.

Kitindamimba wake ndiye aliyefanya naye kazi dukani. Binti mchapakazi, mwenye adabu, na mjane wa miaka michache. Nikaanza kumwona akisimama nyuma ya baba yake kila mteja alipoingia, shingo imenyooka, macho mikononi mwa mzee. Mzee akichukua boksi, binti analipokea, analisoma, wakati mwingine analirudisha na kuchukua jingine. Alibandika karatasi za rangi kwenye rafu zote. Nyekundu moyo, kijani tumbo, njano sukari. Alikonda. Hata kwenda msalani alikwenda mbio.

Kipindi hicho zahanati ya mtaa wetu ilitangaza kwamba kila Jumatano wazee watapimwa kumbukumbu. Hakuna sindano, hakuna kulazwa. Maswali machache na kalamu, dakika kumi umemaliza. Nikamwambia binti yule, "Mpeleke baba."

Akavuta kiti karibu, akashusha sauti. "Fundi, neno hilo lisitoke hapa. Watu wakisikia mwenye duka la dawa anapimwa akili, nani ataingia tena? Baba hana wazimu. Ni uzee tu, na mimi nipo, namfunika."

"Utamfunika mpaka lini?"

"Mpaka nitakapochoka. Na sijachoka."

Alikuwa amechoka. Macho yake yalisema.

Wiki mbili baadaye mzee mwenyewe alikuja kuketi kwangu. Aliokota kiatu cha mtu, akakipapasa kisigino. Kisha akasema, "Fundi, kichwa changu kinavuja. Nasoma cheti cha daktari, nikifika rafuni kimeshamwagika. Nipeleke Jumatano. Binti yangu hataki, na mimi naogopa kwenda peke yangu."

Jamani, nisikilizeni hapa. Mtu mzima, mwenye heshima zake, aliniomba nimshike mkono mwendo wa dakika tano. Nikamjibu, "Ngoja kwanza binti yako akubali, mzee, nisije nikaonekana naingilia ya nyumbani kwenu." Akaitikia kwa kichwa, akavuka barabara kurudi dukani. Jumatano ile ikapita. Zikapita nyingine nyingi.

Kisha ikaja siku ambayo binti alilazimika kwenda kuchukua dawa kwenye bohari. Aliniambia, "Nitupie jicho, narudi sasa hivi." Nami nilikuwa nimeinamia cherehani yangu, nashona mkanda wa begi. Akaingia mwalimu wa chekechea, aliyekuwa akisumbuliwa na mafua na macho kuwasha. Mzee alimkaribisha vizuri, akamuuliza hali ya watoto, akampa pakiti ya vidonge, akamwambia amalize dozi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kasoro.

Vilikuwa vidonge vya kushusha sukari.

Mwalimu hakuwa na kisukari. Kesho yake asubuhi alimeza kimoja, hajala kitu, akaenda darasani. Alipokuwa akiwafundisha watoto kuhesabu, jasho likamtoka, mikono ikatetemeka, akaanguka na mkono wake wa kulia ukagonga ukingo wa meza ukavunjika. Watoto walidhani anacheza nao. Wengine walilala chini kando yake, wakingoja ainuke.

Mungu bariki, aliwahishwa hospitali akapona. Pakiti ilikutwa mkobani mwake. Siku iliyofuata wakaguzi walifunga duka, na binti alikuwa ameketi kizingitini, pembeni ya fagio, hatazami mtu.

"Nilisema namfunika," aliniambia. "Kumbe nilikuwa nafunika macho yangu."

Jumatano tulikwenda wote watatu. Muuguzi alimwamkia mzee, akamwambia ataje baada yake maneno matatu, kisha ayaweke kichwani. Kisu, mlima, pazia. Mzee akayataja sawasawa, nikapata matumaini. Halafu akapewa karatasi achore uso wa saa, aandike namba zote, mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Aliinama kama mwanafunzi. Namba zote kumi na mbili alizirundika upande mmoja, upande wa pili ukabaki mtupu. Mishale hakuichora. Binti akageukia ukutani.

"Sasa nitajie yale maneno matatu," muuguzi akasema.

Mzee akafikiri. "Kisu." Akapangusa paji la uso. "Kulikuwa na mengine?"

"Yalikuwapo, baba."

"Nimefeli, siyo?"

"Hapa hakuna kufeli. Kipimo hiki hakisemi unaumwa nini. Kinasema tusikae kimya, twende mbele tukatafute."

Alipelekwa hospitali kubwa, akapimwa damu na kichwa. Daktari akaomba aone kila dawa anayomeza, na hapo likafichuka jambo ambalo hata binti hakulijua. Kwa zaidi ya mwaka mzee alikuwa akijichukulia rafuni vidonge vya usingizi, kwa sababu hofu ya kusahau ilimnyima usingizi, na vidonge hivyo vilizidi kumvuruga kichwa. Akaachishwa kidogo kidogo, akachangamka. Lakini ugonjwa wenyewe wa kusahau ulikuwapo, na upo hadi leo.

Binti akamuuliza daktari, "Tungekuja pale mwanzo, ingekuwaje?"

"Ugonjwa tusingeuondoa," daktari akajibu. "Vile vidonge tungeviona mapema. Na asingeachwa peke yake na rafu."

Mzee aliposikia habari za mwalimu aliomba karatasi, akaandika kwa mkono wake: "Nimemdhuru mwalimu. Nikamwombe radhi." Tukampeleka. Mwalimu, mkono ukiwa kwenye plasta, alimsamehe, akamwandalia chai. Kesho yake mzee akaikuta karatasi mfukoni, akaisoma upya, akataka kwenda. Tulimweleza kwamba alishakwenda, hakutulia. Amekwenda mara nne sasa. Kila mara mwalimu humfungulia mlango, humsikiliza mpaka mwisho kana kwamba ndiyo kwanza anasikia, na humjibu, "Nimekusamehe, mzee wangu. Karibu chai."

MAFUNZO

Ndugu zangu, kusahau funguo ni jambo la kila mtu, lakini mzee anapoanza kupotea ndani ya kazi aliyoifanya maisha yake yote, usimtanie na usimfunike. Mpeleke akapimwe mapema. Kipimo kile kifupi si hukumu wala si alama ya wazimu. Huenda kikaonyesha yuko salama, au kikafichua tatizo lenye tiba, na hata ugonjwa usio na tiba una namna ya kuishi nao bila kuumiza wengine. Kumwonea mgonjwa aibu hakumponyi, na mficha maradhi kifo humuumbua. Na ikiwa mzee mwenyewe atakuomba umshike mkono, usimwambie angoje. Mimi nilimwambia.