Ameacha Mke na Bibi

— Flaviana, unalia nini? Si kitabu tu hicho!

Mama yake, Genoveva, alikuwa anachambua mchicha mezani, pale kwenye fleti yao ya Silver Spring, Marekani. Kitabu chenyewe Flaviana aliazimwa na Msalvador mmoja anayefanya naye kazi ya kutunza wazee.

— Mama, familia mbili zimechukiana miaka thelathini. Moja ya Wameksiko, nyingine ya Waporto Riko. Wote Kihispania chao ni kimoja.

— Sasa wanagombania nini?

— Neno. Kijana alimwambia mchumba wake, nakuja "ahorita". Kwa binti, hilo ni sasa hivi. Kwa kijana ni baadaye. Binti akasimama kanisani na shela lake mpaka watu wakatawanyika.

— Maskini, bibi harusi wa watu!

Flaviana akafunga kitabu.

— Umesema nani?

— Bibi harusi. Kwani nimekosea?

Flaviana aliinuka mbio, akafungua Biblia ya marehemu baba yake na kutoa karatasi iliyokunjwa ndani yake. Ilikuwa ratiba ya mazishi ya Christopher, baba yake, ya miaka miwili iliyopita. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiandika, huku machozi yakidondokea kompyuta.

"Marehemu ameacha mke, binti mmoja, na bibi yetu mpendwa, Mama Nahimana."

Nahimana hakuwa ndugu yao wa damu. Alikuwa bibi yake Yohan, Mkongomani wa Uvira, kijana aliyekuwa anajiandaa kuleta posa. Christopher alipolala kitandani miezi mitano, mama yule alitoka kwake, mji wa jirani wa Lanham, kila siku na sufuria ya uji. Flaviana alimwita Koko, kama Yohan alivyomwita. Kwenye ratiba akaona Watanzania hawataelewa Koko, akaandika bibi.

Na siku ile ya mazishi, mzee Manirakiza, mume wa Nahimana, alisoma karatasi, akasimama ibada ikiendelea, akawatoa watu wake wote nje. Genoveva akaapa kwamba walioligeuzia mgongo jeneza la mumewe hawatakuwa wakwe zake. Yohan akatuma ujumbe mmoja tu: "Familia imekataa. Please usiniulize. Sorry."

Naye Flaviana, kwa kiburi cha aliyeumizwa, hakuuliza. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, na kidole kingekuwa kimeshapona.

— Mama! Yohan alikuwa anamwitaje mke wa mchungaji wao?

— Si "bibi ya pasteri"? Tulikuwa tunamcheka...

Genoveva akaishia hapo. Mchicha ukamdondoka.

Flaviana alipiga ile namba aliyoifuta lakini hakuisahau. Moyo ulimruka kwa furaha. Miaka miwili ya kulia peke yake, kumbe kosa ni la neno moja! Angeeleza, wangecheka, na yeye na Yohan wangeanza upya.

— Yohan, ni mimi. Usikate! Ile ratiba, bibi kwetu siyo mke. Ni nyanya, ni Koko! Nilimaanisha Koko!

— Flavi... Koko amekufa. Juzi.

Flaviana akakaa chini, pale pale sakafuni.

— Mzee hakumsemesha miaka miwili, Yohan akasema. Alihamia chumba ingine. Koko aliapa hana kosa mpaka akachoka. I was so ashamed, nikashindwa kukuambia. Njoo umwambie mzee wewe mwenyewe. Lakini Flavi, kuna kitu...

— Nakuja.

Akakata. Hakutaka kusikia kingine.

Mlango wa nyumba ya Lanham ulifunguliwa na mwanamke kijana mwenye mimba kubwa, pete kidoleni.

— Karibu. Mimi Laure, bibi ya Yohan.

Safari hii Flaviana alilielewa lile neno vizuri sana. Lilimchoma. Nyuma ya Laure, Yohan alikuwa ameinamisha kichwa.

Mzee Manirakiza alikuwa ameketi kwenye kochi, koti begani.

— Shikamoo, babu.

Flaviana akapiga magoti, akamwekea ratiba mapajani na kumweleza polepole. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho.

— Kwenu bibi ni nani?

— Mama yake mama. Au mama yake baba.

— Kwetu ni mwanamke ya mutu. Nilisoma hapa, nikaona bibi yangu wameandika ni ya mutu mwingine. Na kila siku alikuwa anamupelekea uji.

— Alikuwa ananiuguzia baba, babu. Mimi nikiwa pale pale.

— Aliniambia vile. Kila asubuhi aliniwekea chai, aliniuliza kama sukari inatosha. Sikumujibu hata siku moja.

Akafunika uso kwa karatasi ileile, akalia kwa sauti. Yohan naye alikuwa analia mlangoni. Flaviana alitamani kumkimbilia. Hakuwa na haki hiyo tena.

Baadaye mzee akajifuta.

— Karatasi ya mazishi yake haijaandikwa. Andika weye.

Yohan akamletea kompyuta, macho yao yakakutana.

— Flavi, ningekuuliza tu...

— Na mimi ningekuuliza.

Akaanza kuandika, mzee akimtajia.

— Andika: Nahimana, bibi ya Manirakiza. Chini yake andika: bibi wa Flaviana. Neno moja, mara mbili. Wasome wote.

Akaandika.

— Sasa wajukuu. Yohan na bibi yake, Laure.

Aliandika, herufi kwa herufi.

— Halafu, mzee akasema, weka na jina yako. Hapo hapo kwa Yohan. Kuanzia leo weye ni mjukuu wangu. Yohan ni kaka yako.

Laure akaitikia amina. Flaviana akaandika jina lake kando ya la Yohan, kwenye mstari mmoja, kisha akauliza ibada itaanza saa ngapi.