Kikohozi Katika Nyumba Isiyo na Paa

Kila asubuhi Naisula aliwasha jiko, akachemsha chai, kisha akavaa sare na kumpitia rafiki yake Nyawira ili waende shule pamoja. Mama yake, Tabitha, alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu na nyanya. Mara nyingi alikuwa Loitokitok akinunua mboga kwa wakulima, kwa hiyo nyumbani kwao Kitengela walibaki wawili tu: Naisula na baba yake, Metito.

Njia ya shule ilipita kando ya ploti ya Metito. Ploti hiyo alipewa na baba yake, babu yake Naisula, aliyeishi Kajiado. Metito alitaka kujenga nyumba za kupangisha. Ardhi alikuwa nayo, lakini fedha zilikuwa chache. Mkopo wa chama chake cha akiba ulitosha msingi na kuta za vyumba vinne tu. Mkopo ulipokwisha, aliwaambia watu waliokuwa wakitafuta nyumba, "Nilipeni kodi ya miezi kadhaa mbele. Nitamalizia mjengo, na mwezi wa tano mtahamia."

Watu wanne walimwamini wakalipa. Mwezi wa tano ulifika ukapita. Mafundi waliondoka. Vyumba vilibaki vya mawe matupu, bila milango, bila madirisha, bila paa. Upepo wa mbugani uliingia pengo moja ukatokea jingine, ukilia kama mtu anayepumua kwa shida.

Siku moja mwanamke mmoja alibisha langoni kwao. Aliitwa Kaluki, mmoja wa wale wanne waliolipa, mshonaji katika kiwanda cha nguo huko Athi River. Mgongoni alimbeba mwanawe mdogo, Mulinge. Metito alimwona kupitia dirishani, akarudisha pazia haraka.

"Naisula, enda umwambie nimeenda Kajiado kwa babu yako."

"Lakini Baba, uko hapa."

"Fanya vile nimesema."

Naisula alikwenda langoni akiburuta miguu. "Baba hayuko. Ameenda Kajiado."

Kaluki aliangalia dirisha. Pazia lilikuwa bado linatikisika. Kisha alimwangalia Naisula, si kwa hasira bali kwa uchovu.

"Sawa, mtoto wangu. Akirudi umwambie Mama Mulinge alikuja."

Naisula angefurahi kama angegombezwa. Lile neno "mtoto wangu" lilimfuata hadi mezani, likamfuata hadi kitandani. Kaluki alirudi tena na tena, na kila mara Naisula alisema uwongo uleule. Halafu Kaluki akaacha kuja.

Baada ya hapo, ule mjengo ulianza kukohoa.

Nyawira ndiye aliyesikia kwanza, asubuhi moja ya Julai yenye baridi na manyunyu. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, kilichotoka ndani ya kuta. Wasichana wawili walisimama, wakatazamana, kisha wakatimua mbio mpaka kwenye lango la shule.

"Watu wanasema kuna fundi alianguka hapo akafa," Nyawira alisema akihema.

"Hakuna fundi aliyekufa. Ningejua."

"Basi ni nani?"

Tangu siku hiyo walizunguka kwa njia ya mbali, lakini sauti ile haikumwacha. Mwanafunzi akikohoa darasani, Naisula alishtuka. Usingizini aliota yuko langoni akisema, "Baba hayuko," na kila akisema, kuta za kijivu zilimjibu kwa kikohozi. Alitamani kumwambia mtu, lakini angesimuliaje bila kueleza kwamba yeye ni mwongo?

Ijumaa moja Nyawira hakuja shule. Jioni mvua ilianza kunyesha, na Naisula akalazimika kupita njia ya mkato. Alipofika karibu na mjengo alikisikia kikohozi, na baada yake sauti ya mwanamke akiimba polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto. Alitaka kukimbia. Hata hivyo, aliijua sauti hiyo. Ilikuwa imewahi kumwita "mtoto wangu".

Aliingia.

Katika kona ya chumba cha mwisho, chini ya karatasi ya nailoni iliyofungwa kwenye misumari, Kaluki alikuwa ameketi juu ya godoro lililolowa pembeni. Kando yake palikuwa na sufuria na mfuko wa nguo. Mulinge alilala mapajani mwake, kifua kikipanda na kushuka kwa kasi.

"Mama Mulinge! Unafanya nini hapa?"

"Pesa zangu zote ziko kwa baba yako," Kaluki alisema kwa upole. "Nilikuwa nimemwambia mwenye nyumba wangu wa zamani kwamba ninahama, naye akampa mtu mwingine chumba. Ningeenda wapi? Hiki ni chumba changu. Nimekilipia."

Naisula alimgusa mtoto. Alikuwa moto kama jiko. Hapo hapo akageuka na kukimbia.

Metito alikuwa sebuleni akinywa chai. Naisula alisimama mlangoni, maji yakimtiririka.

"Baba, Mama Mulinge anaishi kwa mjengo. Mtoto hawezi kupumua."

Macho ya Metito yalikwenda kwenye pazia.

"Nilimdanganya, Baba! Nilisema hauko, na wewe ulikuwa hapa. Mtoto akifa nitasema nini tena pale langoni?"

Metito aliweka kikombe chini, akachukua koti lake, akatoka bila hata kufunga mlango. Alikwenda mbio hadi kwenye mjengo. Alimfunika Mulinge kwa koti, akambeba kifuani, akasimamisha bodaboda na kumpandisha Kaluki nyuma yake.

Hospitalini daktari aliwaambia kwamba mtoto alikuwa na nimonia. "Penye baridi hii na vumbi la simiti si mahali pa mtoto," alisema. "Mngechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumza mambo mengine." Mulinge alilazwa. Metito aliketi kwenye benchi hadi kulipokucha.

Tabitha aliporudi kutoka Loitokitok, Metito alimweleza yote. Tabitha alisikiliza bila kumkatiza. Mwishowe aliuliza swali moja tu: "Na mtoto wetu ukamfanya mlinzi wa uwongo wako?"

Metito aliinamisha kichwa.

Wiki hiyo aliwaita wote wanne waliolipa, akawaambia ukweli. Sehemu ya kodi yao alikuwa amenunulia vyuma vya kujengea ghorofa, kwa sababu aliota jumba kubwa wakati hata mabati hakuwa nayo. Wengine walimfokea, naye hakujitetea. Aliviuza vile vyuma kwa hasara, akanunua mabati, milango na madirisha, akawarudisha mafundi. Gitonga, mmoja wa wale wanne, alikataa kusubiri. Alirudishiwa pesa zake kidogo kidogo, na mpaka leo hamsalimu Metito.

Mulinge alipotoka hospitalini, yeye na mama yake walikaa nyumbani kwa kina Naisula hadi chumba chao kikawa tayari. Naisula alimwomba Kaluki msamaha. Kaluki alimshika kichwani. "Nilijua si wewe uliyekuwa ukisema," alijibu. "Lakini mdomo ulikuwa wako. Siku nyingine ukatae."

Miezi kadhaa baadaye, vyumba vyote vinne vikiwa na watu, mwanamume aitwaye Wanyama alikuja akiwa na pesa mkononi. Alikuwa ameona msingi mpya uliochimbwa kando.

"Nataka hicho cha tano. Nilipe sasa?"

"Hicho bado si chumba," Metito alimjibu. "Ni shimo. Kodi ya hivi vinne ndiyo inakijenga, polepole. Kikiwa na paa na mlango, njoo ukione, kisha tuzungumze."

Wanyama aliondoka. Tabitha, aliyekuwa akipanga vitunguu pamoja na Naisula, alimwambia binti yake, "Umesikia? Kuanza na kidogo si aibu. Hata kuomba watu wakusaidie si aibu, kama unawaambia ukweli. Lakini ukichukua pesa ya mtu kisha ukamkimbia, utakuwa unaishi kwa hofu ndani ya nyumba yako mwenyewe. Mtu mkweli hulala, hata kama nyumba yake ni ya chumba kimoja."