Mbuzi wa Doto Yuko Wapi?

Haya, sogeeni karibu. Huyu ni Doto. Yule ni pacha wake, Kulwa.

Au huyu ndiye Kulwa? Ala! Hata mimi wananichanganya.

Kila siku watu humwita Doto, "Kulwa!" Na kila siku Doto hujibu, "Mimi Doto, jamani!"

Shuleni kwao kuna chumba cha kompyuta. Kila mtoto ana skrini yake. Pembeni imekaa kompyuta moja kubwa. Watoto wanaiita Kompyuta Mama.

Nguuu, nguuu, inanguruma Kompyuta Mama. Inampa huyu muda wake kidogo, inampa yule kidogo, chapuchapu, na wote wanapata.

Humo ndani kila mtoto ana kabati lake la picha. Ukitaka likufungukie, unapiga hodi. Unaandika jina lako na neno lako la siri.

Doto amechora mbuzi mwenye miguu myekundu. Amemchora wiki nzima. Leo mama anakuja kumwona.

Puu! Skrini ya Doto ikazimika. Giza tupu.

"Mbuzi wangu! Mama ataona nini?" Machozi yakamlengalenga.

"Usilie, Kulwa," alisema Mwalimu Nyamizi.

"Mimi Doto, jamani!"

"Aa, samahani. Mbuzi wako hakai kwenye skrini. Skrini ni dirisha tu. Mbuzi yuko kabatini, kwa Kompyuta Mama. Njoo tuchungulie dirisha lingine."

Skrini ya mwisho haikuwa na mtu. Mwalimu akaandika jina, harakaharaka. Doto akaandika neno lake la siri, polepole.

Pii! HAPANA, ikasema skrini.

Doto akarudia. Pii! HAPANA.

Moyo ukamdunda, du, du, du. Mbuzi kapotea kweli?

Doto akasogea, akasoma lile jina. K. U. L. W. A.

"Mwalimu! Umeandika Kulwa!"

Darasa zima likaangua kicheko. Kulwa alicheka kuliko wote. "Wee! Toka kwenye kabati langu!"

"Jamani, nimekosea tena!" Mwalimu akashika kichwa.

Doto akafuta. Akaandika mwenyewe. D. O. T. O. Kisha neno lake la siri.

KARIBU, DOTO.

Na mbuzi huyo! Miguu yote minne, myekundu.

"Kompyuta Mama haijui sura yangu," alisema Doto, "lakini jina langu inalijua!" Akacheka mpaka mashavu yakamuuma.

Krr, krr, krr. Mashine ikatoa picha kwenye karatasi. Mwalimu akaibandika ukutani, na mara mama akabisha hodi.

Sasa sikilizeni. Mtaa mzima humwita mama yao Mama Kulwa, kwa sababu Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Hakuna aliyewahi kumwita vingine.

Mwalimu Nyamizi akamtazama mbuzi. Akamtazama Doto vizuri. Kisha akafungua mlango.

"Karibu," akasema. "Karibu sana, Mama Doto!"