Maana Zilizogeuzwa

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya pili, Chiriku alifuta vumbi la chaki kwenye dawati kwa kiganja, akapanga rula na kalamu zake mbili upande wa kulia, kisha akamsubiri mwenzake, Kamusi. Ndivyo wasichana hao walivyoitwa darasani: Chiriku kwa sababu ya mdomo usiotulia, Kamusi kwa sababu hakuna neno la Kiingereza ambalo hakudai kulijua. Kila dawati lilikuwa na daftari moja la maneno, na waliokaa pamoja walipokezana kwenda nalo nyumbani.

Juma moja mwalimu wa Kiingereza aliwapa kitenzi take. Alisema kitenzi hicho kina kazi nyingi kuliko mpishi wa shule, kwani kikiongezewa neno dogo tu, maana inabadilika. Kila mmoja atafute matumizi kumi na mawili. Chiriku alihangaika siku tatu, akamsumbua kaka yake, akapekua vitabu vya maktaba, akaandika kila kitu kwenye daftari la dawati, ambalo mwisho wa juma Kamusi alikwenda nalo nyumbani.

Jumatatu Kamusi akaitwa kwanza. Akasoma sentensi zote za Chiriku, hata ile ya paka aliyetolewa nje kwa ufagio. Chiriku aliposimama na kusoma yaleyale, mwalimu alimkatiza, akamwambia kunakili ni wizi, akampa sifuri. Kujitetea alijitetea, lakini nani angemsadiki yeye amwache Kamusi? Mwalimu akasema Ijumaa watasoma mengine mapya. Hadi mapumziko, darasa zima lilikuwa limeshampa Chiriku jina: Fotokopi.

"Fotokopi, nitolee nakala mbili," mvulana mmoja alimwambia kwenye foleni ya maji. Kamusi alikuwapo. Akacheka.

Basi kicheko kile ndicho kilichomkaa Chiriku rohoni, wala si sifuri. Alilala nacho, akaamka nacho. Jumanne, zamu ya daftari ilipokuwa yake, alijaza ukurasa mpya kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote, akageuza kila maana juu chini. Take off, akaandika, ni kutandika. Take out ni kuingiza ndani. Take down ni kutundika. Kila neno akalipigia mstari mwekundu, lipendeze. Jumatano akamkabidhi mwenzake daftari huku akitabasamu.

Akilini alishamwona Kamusi amesimama mbele ya darasa, mwalimu amekunja uso, madawati yanatikisika kwa vicheko. Akawa anahesabu vipindi vilivyobaki, na kila kimoja kilikuwa kitamu.

Alhamisi alasiri mama yake alimtuma apeleke mashuka kwa dobi, naye dobi mwenyewe alikuwa mama yake Kamusi. Alimkuta anapiga pasi ya mkaa, jasho likimtiririka shingoni. Ukutani, juu ya meza, palibandikwa karatasi. Chiriku aliitambua ile mistari myekundu kabla hajasoma neno.

"Karibu, mwanangu. Usinicheke, nasoma uzeeni," Mama Dobi alisema.

Akamweleza kwamba kesho saa tatu anajaribiwa kazi katika hoteli. Msimamizi wa vyumba ni mgeni, haongei ila Kiingereza. Ataamuru, kisha atatazama kinachofanyika. Miaka sita Mama Dobi amefua nguo za watu kwa mikono, na michubuko ya vidole haiponi kwa sabuni. Kule kuna mashine. Kamusi ndiye aliyemnakilia karatasi ile kutoka daftarini, hadi mistari yake.

"Hebu nisikilize. Take off the sheet, tandika shuka," alisema, akatandika shuka la hewani kwa mikono miwili.

Chiriku aliweka furushi chini, akaaga, akatoka. Acha, alijiambia. Acha na wao waonje. Akafika hadi kwenye bomba la mtaa. Lakini kila alipotaka kumwona Kamusi akichekwa, alimwona Mama Dobi kando ya kitanda cha wageni, ameambiwa aondoe shuka, naye analitandika vizuri, kona hadi kona. Akarudi.

"Mama, hiyo karatasi ni ya uongo," alisema akiwa mlangoni. "Niligeuza maana daftarini makusudi ili Kamusi aaibike."

Kamusi, aliyekuwa chumba cha ndani akikunja nguo, alizitupa, akatoka na kumrukia. Mama Dobi akatua pasi, akamdaka bintiye mkono. Akauliza aaibike kwa lipi. Akauliza tena, polepole, akimtazama bintiye, na Kamusi akaanza kulia, akatapika yote: sentensi za mwenzake, sifa zisizo zake, kicheko cha kwenye foleni.

Mama hakumpiga. Alichana karatasi, akawaita wote wawili kitandani kwake. Mmoja aliamuru kwa Kiingereza, mwingine akasahihisha, naye Mama Dobi akaondoa mashuka na kuyatandika hadi mkaa wa pasi ukawa majivu.

Ijumaa Kamusi alisimama kabla mwalimu hajafungua kitabu, akasema ukweli. Sifuri ikahamia kwake, na mwalimu akamwomba Chiriku radhi mbele ya wote. Chiriku hakuwa na haraka ya kumsamehe Kamusi, wala hakujifanya.

Alasiri Mama Dobi alileta mashuka mwenyewe nyumbani kwa kina Chiriku. Kazi ameipata, ataanza Jumatatu. Akamketisha Chiriku kwenye ngazi ya mlangoni.

"Mwanangu alikukosea, na hasira ilikuwa haki yako," alimwambia. "Ungerudi kwa mwalimu, au ungekuja kwangu, ungesikilizwa. Lakini ulitega mtego ukaenda zako, bila kujua ni mguu wa nani utakaonasa. Ulikuwa mguu wangu."