Mteja Asiye na Jina

Duka la fundi lilikuwa limefungwa wiki sita, umeme umekatwa, lakini binti yake mkubwa alipogusa pasi aliikuta ina moto. Akasema bismillahi, akajiambia ni jua la dirishani, akaendelea na kazi.

Baba yao, yeye na wadogo zake, alikuwa fundi cherehani. Alikufa ghafla, hakuacha wasia, wala neno la mdomo. Kadhi alimteua binti mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi, akamwambia, "Mwanangu, kwanza rudisha amana za watu. Ndipo mgawane." Amana zenyewe ni nguo za wateja, kila moja imebanwa kikaratasi chenye jina na vipimo. Kwa siku nne wateja walikuja, wakatoa pole, wakachukua zao. Kikabaki kitambaa kimoja cheupe kilichokunjwa, kisicho na jina. Baba alikuwa ameandika tu: kanzu, mkono, inchi arobaini na moja.

"Alikosea," alisema shangazi yao. "Mkono gani huo, wa kuchota maji kisimani bila kamba?"

"Baba hakuwahi kukosea kipimo, shangazi."

Mdogo wao wa mwisho, waliyemwita Chapuchapu, akacheka. "Dada, kisicho na mwenyewe ni cha warithi. Na mimi sina kanzu ya Ijumaa."

Dada alipaswa kukataa. Lakini alikuwa amechoka, na yeye ndiye aliyembeba huyu mgongoni tangu mama yao alipofariki. Akamwachia. Chapuchapu akakata kitambaa na kushona siku ileile.

Siku ya tatu alikuja nyumbani kwa dada yake, mikono ya kanzu imeishia katikati ya viwiko na vifundo.

"Kitambaa kimerudi," dada alisema.

"Sijakifua bado." Akashusha sauti. "Dada, nikijilaza mchana nasikia mtu ananipima. Utepe wa baridi, kuanzia begani. Anafika kwenye ncha za vidole, halafu anaendelea."

Dada alichukua utepe, akampima mkono kutoka begani hadi kifundo. Inchi thelathini na moja, wakati mkono wa mtu mzima ni ishirini na nne hivi. Kesho yake, thelathini na nne.

Adhuhuri alirudi dukani peke yake, na kabla hajafungua kufuli alisikia mkasi ukikata ndani, taratibu, kama anavyokata mtu asiye na haraka, na alipoingia mkasi ulikuwa umelala mezani, ila harufu ya nguo iliyoungua ilikuwa imejaa chumba kizima, naye akasimama akisoma Ayatul Kursi, akikosea, akirudia, huku pazia la wateja likivimba kana kwamba kuna mtu nyuma yake anageuza mabega akipimwa.

"Wewe ndiye msimamizi?" sauti iliuliza kutoka nyuma ya pazia, kwa upole.

"Ndimi."

"Baba yako alinishonea kanzu kila mwaka, nisije nikavaa mtu. Hakuwaambia?"

"Hakutuambia. Alikufa ghafla."

"Basi nishonee wewe."

Alinunua kitambaa kipya, cheupe vilevile. Alishona siku mbili, kila pindo kwa dua, akafuata kipimo cha baba bila kupunguza hata nusu inchi, akaitundika nyuma ya pazia, akafunga duka. Asubuhi aliikuta hapohapo. Haikuguswa.

Alikuwa bado ameishika Chapuchapu alipoingia. Hakutoa salamu. Aliichukua mikononi mwake, akaivaa, akanyoosha mikono mbele. Ilimkaa sawasawa, hadi kwenye vifundo.

"Kanzu imechelewa," alisema kwa upole. "Lakini umeshona vizuri. Karibu umfikie baba yako."

Baba yako. Hakusema baba yetu. Dada alimwita kwa jina alilopewa na mama yao. Hakugeuka.

Siku ya kugawa, kadhi alisoma orodha ya watoto wa marehemu, akavua miwani.

"Msimamizi, kabla sijaandika. Warithi wote wako hai?"

Dada alitazama mwisho wa benchi. Mdogo wake alikuwa ameketi kwa adabu, kichwa kimeinama kidogo, ncha za vidole vyake zimetulia sakafuni. Akamtabasamia.

Kadhi alirudia swali, kalamu mkononi.